Dogo kacheza mechi ngapi? Swali ambalo Serengeti Boys hawaulizwi

Kila timu ya taifa ya vijana ya Tanzania ikitolewa mashindanoni, kijiwe chetu cha kahawa hapa Tandika kinakuwa na majibu matatu, na yanakuja kwa foleni ileile kila mwaka. La kwanza kocha hana uwezo. La pili hela za kambi zimeliwa. La tatu linakuja mwishoni kabisa, kahawa ikishapoa, kwamba sisi mpira haupo kwenye damu, tubaki na singeli yetu. Hapo lazima mzee mmoja amtaje Mzee Mwinyi na ile kauli yake ya kichwa cha mwendawazimu, kwamba kila anayejifunza kunyoa anakuja kujifunzia kwetu, watu wanacheka, kashata zinaisha, wanatawanyika. Mpaka tutolewe tena.

Mi majibu yote matatu nimeshayatumia, tena kwa kelele. Siku hizi nina swali moja tu na nikiliuliza pale kijiweni wananiangalia kama nimeanza kuzeeka: hivi huyo dogo aliyevaa jezi namba kumi, kabla hajaitwa timu ya taifa, alishacheza mechi ngapi za maana maishani mwake? Siongelei mazoezi, siongelei chandimu ya jioni. Mechi yenye refa na pointi, ambayo ukifungwa unakaa nayo moyoni wiki nzima mpaka Jumamosi nyingine.

Hamna anayejua. Na mi naona hapohapo ndo tunapofia.

Kwanza tuwekane sawa kwenye rekodi maana kuna watu wanaongea kama vile hatujawahi kufika popote. Tumefika. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walifuzu kwenda Gambia, AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya umri huo, tukaenguliwa hata hatujapanda ndege kwa kosa la umri wa mchezaji. Tukakaa miaka 12. Tukarudi 2017 kule Gabon, na hiyo tiketi yenyewe tuliipata mezani baada ya Congo Brazzaville kuondolewa, kisa mchezaji wao aliitwa akapimwe umri hakutokea, yaani umri ulitutoa na umri ukaturudisha. Kule Gabon tukatoka suluhu na Mali, ambao ndo walikuja kuwa mabingwa, tukawafunga Angola 2-1, ikabaki mechi ya tatu na Niger ambayo sare tu ilikuwa inatupeleka Kombe la Dunia India. Tukafungwa 1-0. Pointi nne sisi, pointi nne wao, wao wakapita kwa sababu walitufunga sisi. Niger wakaenda India wakavuka hata hatua ya makundi.

Halafu 2019 tukawa wenyeji, mashindano hapahapa Dar, viwanja vya Taifa na Chamazi. Mi mechi ya kwanza nilikuwepo uwanjani, Jumapili ya tarehe 14 Aprili, na Nigeria. Tuliwafunga Nigeria magoli manne! Manne. Wao wakatufunga matano. Nimetoka pale sijui nicheke au nilie, kwenye daladala ya kurudi watu wanabishana kama kushinda vile, kuna jamaa mmoja alikuwa amesimama mlangoni anasema "hawa madogo wana mpira bana, wana mpira", na kweli walikuwa nao. Siku chache mbele Uganda wakatupiga 3-0, Angola wakatupiga 4-2, basi. Mechi tatu, tumefunga sita tumefungwa 12, mwenyeji katolewa mapema kwenye sherehe yake mwenyewe.

Baada ya hapo ni hivi: Desemba 2020 tukapata tiketi ya Morocco kupitia mashindano ya ukanda yaliyochezwa Rubavu, Rwanda, corona ikafuta mashindano. AFCON ya 2023 kule Algeria tiketi mbili za ukanda wetu zilichukuliwa na Somalia na Sudan Kusini, na naomba msome tena hiyo sentensi taratibu. 2025 tukaenda Morocco, tukamaliza mkiani mwa kundi. Kaka zao Ngorongoro Heroes walifuzu AFCON U20 kwa mara ya kwanza kabisa ya Mauritania 2021, wakashika mkia. Oktoba 2024 wakabeba ubingwa wa CECAFA, yaani ukanda wetu wa Afrika Mashariki na Kati, hapahapa Dar, fainali wakaifunga Kenya, tukashangilia kweli, walipofika Misri 2025 hawakutoka kwenye kundi. Timu ya chini ya miaka 23 haijawahi kufika AFCON yake hata mara moja, na mpira wa miguu kwenye Olimpiki tunauona kwenye tivii.

Kwahiyo mtu akisema "hatufuzu" inabidi umuulize hatufuzu wapi. Geti la kwanza, lile la ukanda, siku hizi tunalipita mara kwa mara, CECAFA ina tiketi zake na tukijipanga kidogo tunapata. Geti la pili, la kwenda Kombe la Dunia, ndo hatujawahi kulipita. Mpaka mwaka 2025 unaisha hakuna timu ya vijana ya wanaume ya Tanzania iliyocheza Kombe la Dunia, na hapo FIFA wameshatanua U17 mpaka timu 48, Afrika ikapewa nafasi 10 za Qatar. Kumi! Uganda tuliokuwa nao kundi moja Morocco walienda. Zambia walienda, Morocco walienda. Kundi la timu nne, tatu zimeenda Kombe la Dunia, sisi tumerudi Kipawa kupokelewa na ndugu.

Sasa lile jibu la kocha. Timu iliyokwenda Gabon 2017 ilikuwa chini ya Bakari Shime. Kocha huyohuyo, Mtanzania, hana uchawi wowote, mwaka 2022 aliwapeleka Serengeti Girls Kombe la Dunia India. Waliwapiga Cameroon 4-1 kwao Yaoundé, wakawapiga tena 1-0 Zanzibar, wakaenda India wakafungwa na Japan 4-0 mechi ya kwanza, watu wakaanza yale yale ya kichwa cha mwendawazimu, mara wakawafunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Canada, robo fainali hao. Colombia ndo wakawatoa 3-0. Mtoto wa kike wa Kitanzania wa miaka 16 kafika robo fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tu anakanyaga. Kama tatizo lingekuwa kocha mzawa, au damu, hilo lisingetokea.

Basi kuna watu wakaruka wakasema wasichana wana nidhamu wavulana hawana. Hapana bana, tusiwaonee. Mi naona hivi: soka la wasichana wa umri ule Afrika nzima halijajengwa bado, ukitoa nchi chache kila mtu anaokoteza kama sisi tunavyookoteza, kwahiyo ukikusanya wasichana wenye vipaji, ukawapa kambi nzuri na kocha anayejua kazi, ukuta unauruka kwa sababu ukuta wenyewe ni mfupi. Wavulana wanakutana na ukuta ambao wenzetu wamekuwa wakiujenga tangu mimi niko shule. Morocco ile akademi ya Mfalme Mohammed VI pale Salé imeanza kazi karibu miaka 15 iliyopita, na 2025 vijana wao wa U20 wamebeba Kombe la Dunia kule Chile, wameifunga Argentina 2-0 fainali. Senegal wana Génération Foot aliyotokea Sadio Mané, Ghana wana Right to Dream tangu 1999. Dogo wa hizo sehemu anapofika AFCON ya U17 anakuwa ameshaonja kila aina ya mechi, ya kushinda kwa penalti, ya kufungwa dakika ya mwisho, ya mvua, ya refa mbovu. Wa kwetu ndo anaanza kuonja siku hiyo, mbele ya kamera.

Nina ushahidi wa nyumbani. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Mbagala, ana mguu wa kushoto ambao hata wanaonichukia wanaukubali. Siku moja alikuja kula kwangu nikamwambia anko lete daftari tuhesabu mechi ulizocheza mwaka ule ulipokuwa na miaka 14. Yeye akadhani utani. Tukahesabu. Bonanza la shule mechi tatu, nusu saa kila moja. Kombe la mtaani mbili, wakatolewa raundi ya pili. Mashindano ya shule ngazi ya kata mechi tatu. Na kirafiki moja walivuka feri kwenda kucheza Kigamboni, ambayo anaikumbuka zaidi kwa sababu walirudi na njaa. Jumla tisa. Akaniangalia, "anko, kumbe chache hivi?" Mwaka mzima mtoto anafanya mazoezi siku nne kwa wiki, jasho linamtoka, anacheza mechi tisa. Dogo ambaye yuko kwenye ligi ya kweli ya timu 16, nyumbani na ugenini, anacheza 30. Chukua toka miaka 13 mpaka 16, mmoja anafika timu ya taifa na mechi 36 mguuni, mwenzake ana 120, halafu mnawakutanisha mnasema wote ni watoto.

Na kuna vitu havifundishwi mazoezini hata umlete kocha kutoka mbinguni. Unaongoza 1-0 dakika ya 75, mpira unaenda kona ipi, nani anachelewesha kurusha, lini unacheza faulo ya katikati ya uwanja na lini unaacha. Umefungwa goli la kijinga dakika ya tatu, unafanyaje ili usifungwe la pili dakika ya sita. Ile siku ya Nigeria ndo nilichokiona, timu inayojua kufunga kabisa lakini haijui mechi inaendeshwaje, kila goli linaingia wote wanakimbilia kushangilia kibendera cha kona na ukimaliza kushangilia mpira umesharudi kwetu.

Tunawapataje hao madogo wa kambi? Hapa nitaongea kidogo maana niliwahi kumpeleka huyohuyo mpwa wangu kwenye majaribio, uwanja mmoja upande wa Temeke, sitautaja wala sitawataja waliokuwa wanachagua. Tulifika saa moja asubuhi, tayari kuna watoto kama mia mbili hivi, wametoka Chanika, wametoka Kigamboni, wengine wamelala kwa ndugu. Wanapewa vizibao, timu hii na hii, dakika 15. Dakika 15 watoto 22! Mpwa wangu aligusa mpira mara nne, nilihesabu, mara mbili alikuwa anarudisha kwa beki. Mwalimu aliyekuwa anaandika alikuwa kakaa chini ya mwembe, daftari kwenye goti, simu inaita kila saa. Filimbi ikapulizwa wakaitwa watatu, na nyie mnajua ni watatu gani, wale wenye vifua. Kuna mmoja alikuwa kawapita wenzake kichwa kizima na mabega juu. Mama muuza vitumbua aliyekuwa pembeni yangu akacheka mpaka akaweka mwiko chini: "Huyo? Huyo mbona mkewe kajifungua juzi, nimempelekea uji mimi."

Mpwa wangu alipofika mezani kuandikisha jina, kijana wa kuandikisha akamuuliza una miaka mingapi. Mtoto aliyekuwa mbele yake kwenye foleni akageuka akamnong'oneza, "waambie ya mpira, usiseme ya nyumbani." Tulicheka njia nzima ndani ya basi, lakini jamani, mtoto wa miaka 14 tayari anajua ana umri wa aina mbili.

Ishu ya vijeba, wale waliopitiliza umri, watu wengi huwa wanaizungumzia kama ishu ya aibu tu, kwamba tutafungiwa, CAF watatuchora. Kile kipimo cha MRI FIFA walikianzisha kwenye Kombe la Dunia la U17 mwaka 2009, wanapiga picha kifundo cha mkono, wanaangalia pale mfupa unapokua kama umeshafunga au bado. Ukiwa umefunga kabisa wewe sio wa U17, hata uje na cheti kimepigwa mihuri saba. Kwahiyo siku hizi timu ya taifa yenyewe kijeba kupita ni ngumu. Lakini mashindano ya huku chini, ya kata, ya wilaya, ya shule, nani anapima? Wanaangalia cheti, na cheti cha kuzaliwa kinatafutwa mtoto akiwa anataka kucheza mpira, mzee wake anajaza mwaka unaohitajika. Kinachotokea ndo kinaniumiza mimi: yale mashindano machache tuliyonayo ya watoto yanachezwa na watu wenye ndevu. Mwalimu wa timu ya kata anataka kombe na jezi mpya, ana kijeba wa miaka 19 na ana mtoto wa miaka 14, anampanga nani? Mtoto anakaa benchi miaka mitatu. Halafu inaitwa kambi ya taifa, kipimo kinawatoa wale vijeba wote, tunaanza kukimbizana kutafuta watoto wenye umri sahihi, na watoto wenye umri sahihi ndo haohao waliokuwa wanabeba maji.

Umeona inavyozunguka? Kipimo kinatuokoa na adhabu, ila hakimrudishii mtoto zile mechi alizonyang'anywa.

Waganda hapo jirani hawana hela za kutuzidi sana, ligi yao ya wakubwa sisi tumewaacha mbali, wachezaji wao wanakuja kutafuta maisha Simba, Yanga na Azam. Lakini mashindano yao ya shule za sekondari ni kitu kikubwa, watu wanajaa, shule kama St. Mary's Kitende inajulikana nchi nzima kwa mpira na ina undugu na klabu ya Vipers, mtoto anasoma na anacheza palepale kwa miaka, na shirikisho lao lina ligi ya watoto ya klabu zao. Kwahiyo kocha wao wa U17 akitaka beki wa kushoto anaenda kuangalia mechi. Wa kwetu anaitisha majaribio.

Sisi shule tuliziua wenyewe. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari, zilishawahi kusimamishwa kabisa miaka ya mwanzo ya 2000, eti michezo inawapotezea watoto masomo, na hata zilivyorudi zikarudi kama sherehe ya mwaka: wiki chache za mwezi wa sita, mkoa unaunda timu, wanapelekwa mkoa mmoja wanalala kwenye madarasa, wiki mbili wamemaliza, mwakani tena. Sio ligi hiyo. Na shule nyingi za Dar ukiangalia uwanja uko wapi utakuta kuna madarasa mapya, ukuta na frem za maduka upande wa barabarani. Siwalaumu sana walimu wakuu, watoto ni wengi na madarasa hayatoshi, ila mpira ukachezewe wapi? Tunashukuru kuna pale Kidongo Chekundu, kituo cha Jakaya Kikwete kilichofunguliwa 2015, ni pazuri, lakini mji una mamilioni ya watu, mtoto wa Chamazi au Gongo la Mboto atafikaje pale kila siku jioni na nauli ya nani.

Halafu tumezoea mashindano ya mdhamini. Copa Coca-Cola ilikuwepo, Airtel Rising Stars ilikuwepo, zilisaidia kweli, kuna wachezaji wazuri walionekana humo. Ila mashindano ya mdhamini yana tabia ya mgeni, akiaga anaondoka na mkeka wake. Ligi haitakiwi kuwa mgeni.

Kuhusu hela sina la kusema kirefu. Hela zikiliwa ni wizi, wizi ushughulikiwe, ila hata zisipoliwa, ukizimwaga zote kwenye kambi ya wiki sita na mechi za kirafiki mbili huko nje ya nchi bado unamchukua mtoto wa mechi 36 unamtoa na mechi 38.

Mtu ataniuliza, sasa mbona Taifa Stars wanafuzu? Swali zuri na ndo linalonipa nguvu. Stars walikwenda AFCON 1980, wakakaa miaka 39, wakarudi 2019, wakaenda ya Ivory Coast iliyochezwa 2024, wakaenda na ya Morocco Desemba 2025, na 2027 tunaandaa wenyewe pamoja na Kenya na Uganda. Ndio, AFCON imetanuliwa mpaka timu 24, hilo limesaidia, tusijidanganye. Lakini angalia na kingine: mchezaji wa Stars ana miaka 24, 27, anacheza ligi ya timu 16, mechi 30 kwa msimu, ligi yenye hela na presha, Simba na Yanga wanafika mbali Afrika, wengine wako nje. Yaani Mtanzania akifika umri ambao hatimaye amepata mechi za kutosha, anashindana. Ni mtu yuleyule, chakula kilekile. Angalia wale madogo wa Gabon 2017: Dickson Job na Kibwana Shomari walikuwa kwenye kikosi kile, leo ni mabeki wanaojulikana nchi nzima. Kelvin John wa 2019 yupo Ulaya. Hawakuwa wabovu. Walichelewa tu kupata mechi, wakazipatia ukubwani, na Kombe la Dunia la U17 halikusubiri mpaka ufike miaka 23.

Na hapa katikati napo kuna shimo, kati ya miaka 17 na 21, na sipendi kulisema kwa sababu mi mwenyewe ni shabiki wa mojawapo ya zile timu mbili na napenda ubingwa. Klabu ya Ligi Kuu inaruhusiwa kusajili wageni 12. Wameinua ligi, hilo halina ubishi, nani hafurahii kumuona fundi anachezea uwanja wa Mkapa. Lakini dogo wa U20 anapandishwa timu kubwa anakuta mbele yake kuna mgeni, nyuma ya mgeni kuna mzawa wa miaka 30, anakaa jukwaani na suti ya timu. Ligi ya U20 ipo, kanuni inasema klabu lazima iwe na timu ya vijana, ila kwa miaka mingi imekuwa inachezwa kituo kimoja kwa siku chache, timu zinakusanywa, wanacheza fasta fasta, bingwa anapatikana, picha. Ukitoa Azam na Mtibwa, ambao kusema kweli wamejitahidi kuliko wengine kwenye hili, klabu nyingi timu ya vijana ni karatasi ya kupata leseni.

Mi ningekuwa na sauti pale Karume, kwenye ofisi za shirikisho la mpira, ningeanza na kitu kidogo sana ambacho hata hakina heshima ya kuitwa mradi. Ligi ya chini ya miaka 15 ya wilaya, Temeke peke yake, timu 12, kila Jumamosi asubuhi, mwaka mzima. Viwanja vya vumbi hivihivi tulivyonavyo, marefa wanafunzi wanaotafuta uzoefu. Mtoto akiandikishwa akiwa na miaka 10, darasa la nne, picha inapigwa na jina linakaa, huyo hata akitaka kuwa na umri wa mpira akifika 16 atashindwa, kwa sababu Temeke nzima inamkumbuka alivyokuwa mtoto mdogo kabisa. Kocha wa taifa asiitishe majaribio, aje Jumamosi, akae, anunue vitumbua, aangalie. Akija Jumamosi kumi atakuwa anamjua kila beki wa kushoto wa wilaya. Itagharimu mipira, chokaa, filimbi, posho ya refa na maji. Najua haina ribbon ya kukata, ndo maana haijafanyika.

Mpwa wangu saa hizi ana miaka 17. Umri wake wa Serengeti Boys umepita na hakuwahi kuitwa tena kwenye majaribio yoyote. Anacheza ndondo, mpira wa mashindano ya mtaani, kuna mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi anamlipa elfu tano kwa mechi, elfu kumi wakishinda, na kwa mara ya kwanza maishani mwake anacheza kila wiki. Juzi nilienda kumuangalia. Wanaongoza 2-1, zimebaki dakika chache, akaupeleka mpira kwenye kona, akaukalia, akaweka mwili, beki akampiga teke refa akapuliza, akainuka taratibu anafunga kamba za viatu huku anaangalia saa ya refa. Nikashangaa kajifunzia wapi ule ujanja. Mechi ilipoisha nikamuuliza. Akasema, "Anko, tumerudishiwa goli dakika za mwisho mara tatu mwezi huu, mtu si unajifunza."